Mwezi wa Bukavu

Sijui kama aliuliza kwa mapenzi au kwa uchungu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi siku tatu mfululizo.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Nililetewa na kijana wa pikipiki pale kwenye kituo cha mabasi cha Kamembe, nilipokuwa nimetoka kuchapisha barua nyingine ya kuomba kazi. Alivua helmeti akaniangalia, nami nikamtambua kwa masikio yake makubwa: Rashidi, mjukuu wa Koko Mwamini, bibi mzee aliyekuwa jirani yetu nilipokuwa mdogo.

"Weye si Espe?" akasema. "Koko eko kwetu Bugarama, kwa papa. Macho yake inaisha. Kila Idi anaulizaka: yule mtoto alipona?"

Nikauliza mtoto gani, ingawa nilijua.

"Sasa nani kama haiko weye? Anasema uligonjwa sana." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Siku ya Idi anapikaka sufuria kubwa, unajua. Lakini batoto ba majirani banakatazwaka kuya kula. Maneno ya Cyangugu ilitufuata mpaka kule. Basi nimwambie nini? Ulipona?"

"Mwambie nilipona," nikasema. Abiria akamwita, akaondoka.

Mimi ni mtu wa kuligeuza neno moja mpaka lichakae. Nikiandikiwa "sawa" kwenye simu, nitalala nikitafuta kosa langu ndani yake. Kwa hiyo nililigeuza hili nalo. Kama aliuliza kwa mapenzi, basi ni mapenzi nisiyostahili. Kama aliuliza kwa uchungu, basi alikuwa anasubiri siku moja mtu amwambie kwamba hakuwa na hatia, na mtu huyo nilikuwa mimi peke yangu duniani. Idi ilikuwa imebaki siku nne. Redio ilishaanza kutaja siku ya mapumziko, na dukani walishapanga mifuko ya tende mbele, nami kila nilipopita pale niligeuza uso kama mtoto wa miaka tisa.

Nyumba yetu ilikuwa Cyangugu, chini karibu na ziwa, kwenye mteremko unaotazama Bukavu, upande wa Kongo. Baba na Mama walikulia ng'ambo, wakarudi Rwanda kabla sijazaliwa, lakini nusu ya maisha yao iliendelea kuvuka daraja. Baba alikuwa seremala Bukavu na tulimwona Jumamosi. Mama alivusha nyanya na vitunguu. Kati ya uwanja wetu na wa Koko Mwamini kulikuwa na ua wa ile mimea ya utomvu mweupe unaochoma macho, na katika ua huo palikuwa na pengo la ukubwa wangu.

Mumewe alikuwa amekufa zamani, na mwanawe wa pekee alihamia Bugarama. Kila alfajiri alikaanga maandazi ya iliki na kuwauzia wanafunzi wanaopita, kwa hiyo nguo zangu za shule zilinukia iliki kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Sisi tulikuwa Wakatoliki na yeye Mwislamu, na sikumbuki mtu yeyote kulifanya hilo kuwa jambo. Krismasi na Pasaka sahani ilitoka kwetu kwenda kwake. Idi zote mbili ilitoka kwake kuja kwetu. Na sahani haikurudi tupu hata siku moja. Kama nyumbani hakuna kitu, Mama aliweka ndizi mbili, au chumvi kidogo kwenye karatasi. "Sahani tupu ni tusi," alisema, "ni kama kumuambia muntu nimemaliza na weye."

Mwaka huo nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na ninyi wa rika langu mliopita katika madarasa yale mnajua hofu yake. Katekista wetu alikuwa na namna ya kutaja dhambi akiwa ametulia kabisa, kama daktari anayetaja dawa. Nilitoka pale kila Jumamosi nikiwa nimejikuta na dhambi mpya.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani mawingu yalifunika ziwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, simu ndogo ya Koko ilikuwa imezimika, redio yake haikuwa na mawe ya betri. Mama alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Koko alisimama mlangoni akiwa ameshika goti lake bovu.

"Espe, mjukuu wangu, panda mpaka dukani kwa Baba Saidi. Muulize kama mwezi umeonekana. Umeonekana, kesho ni Idi. Haujaonekana, kesho tunafunga siku ya mwisho. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilipanda mbio mpaka kwenye kona ya mzee mmoja mstaafu aliyefuga mabata bukini. Ninaandika hili nikiwa mtu mzima mwenye digrii, na bado siyapendi mabata yale. Yalikuwa matano, meupe, yenye shingo kama nyoka, na jioni yalisimama katikati ya njia. Wiki iliyotangulia moja lilinishika nyuma ya mguu likapinda. Sasa yaliniona, yakashusha shingo, yakaanza kutoa ile sauti ya mvuke wa sufuria.

Nikarudi nyuma nikakaa kwenye jiwe la mfereji.

Kutoka pale niliona Bukavu yote, vilima vyake vikigeuka rangi ya moshi. Nikakumbuka kwamba mchana, pale darajani nilipokwenda kumpokea Mama mzigo, mwanamke mmoja wa Bukavu aliyefunga mtandio alikuwa akiwaaga wenzake: "Siye kwetu Idi ni kesho. Bazee bameshasema." Nikatazama tena ng'ambo, na juu ya kilima, kwenye upenyo wa mawingu, nikaona kitu chembamba cheupe. Mpaka leo sijui kilikuwa nini. Inawezekana ulikuwa mwezi. Inawezekana ilikuwa taa ya nyumba ya juu, au kiu ya mtoto asiyetaka kupita kwenye mabata.

Nilishuka.

"Umeonekana," nikamwambia Koko.

"Nani amesema?"

"Baba Saidi."

Alifumba macho akamshukuru Mungu, kisha akanipapasa kichwa kwa mkono wenye harufu ya unga. Hapo hapo nilianza kuogopa, lakini ilikuwa hofu ndogo, ya ukubwa wa kawaida, na nililala nayo.

Asubuhi alinipa tende juu ya ua. Alikuwa amevaa nguo nyeupe ndefu na kujipaka mafuta ya waridi. Yeye mwenyewe alikula tende tatu, akanywa chai mbele yangu akiwa amesimama, kwa sababu siku ya Idi, alinieleza, ni haramu kufunga na ni vizuri kula kabla ya swala. Akachukua mkeka wake na kusimamisha pikipiki ya kumpeleka juu Kamembe. Aligeuka akanipungia mkono kama bibi harusi.

Nikaingia ndani, nikamkuta Mama ananipigia pasi sketi ya shule.

"Maman, si leo ni konje, hakuna shule?"

"Konje ya nini? Konje ni kesho. Redio imesema haba­kuona mwezi."

Nilitaka kukimbia nje. Pikipiki ilikuwa imeshakata kona. Nilivaa sketi, nikaenda shule, nikakaa mbele ya ubao bila kuona hata herufi moja.

Saidi, mtoto wa yule mwenye duka, alikuwa darasa letu. Wakati wa mapumziko alikuja akicheka mpaka anashika tumbo. Alikuwa amesikia kwa kaka yake.

"Koko wenu amekuya kuswali Idi yeye peke yake. Amekula na chai. Bazee bamemuuliza, Mama, unaswali Idi ya wapi, ya Bukavu?"

Nikauliza mtu akila siku ya Ramadhani inakuwaje.

Saidi akaacha kucheka. Alipenda kujua vitu. "Ni mbaya sana. Muntu akikula Ramadani analipa siku makumi sita. Kufunga mufululizo. Akiruka moja, anaanza upya. Na kama akikufa mbele ya kumaliza," akainua mabega, "moto."

Niliporudi mchana nilimwona Koko akishuka barabara kwa miguu. Pindo la nguo nyeupe lilikuwa limejaa vumbi. Alipita mbele ya lango letu bila kugeuka, akafunga mlango wake, na siku ile moshi haukutoka jikoni kwake.

Kesho yake ilikuwa Idi yenyewe. Shule zilifungwa, na Koko alipika kama kawaida na kuwaita watoto wa mtaa. Nilipita kwenye pengo la ua nikiwa natembea kama mtu anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Nilingoja aniulize. Hakuuliza. Alinijazia sahani ya pilau, na nilipobaki namtazama akasema tu, "Kula, usiniangalie." Nilikula. Wali ule ulikuwa na karafuu nzima nzima, na kila niliyoitafuna ilichoma ulimi. Nilidhani ndiyo adhabu imeanza.

Siku iliyofuata Mama alinituma na kikombe cha uji kwa Koko. Akakisukuma kando kwa upole.

"Nimefunga."

"Lakini Idi imepita."

"Imepita. Kuna siku ninalipa."

Ndivyo alivyosema, na mimi nikapata jibu langu. Kesho yake alikuwa amefunga. Kesho kutwa pia. Niliandika mistari nyuma ya daftari la katekesimu, mmoja kwa kila siku, na mistari ilipofika mitano nikaona wazi kwamba anazitumikia zile sitini. Nilimtazama kwenye ua, goti lake bovu, mikono yake myembamba ikikaanga maandazi asiyoweza kuonja, nikajua hatafika. Atakufa siku ya arobaini, au ya hamsini na tisa, na ataingia motoni akiwa na nguo yake nyeupe, kwa sababu niliogopa mabata.

Kusema kweli ilikuwa njia moja. Lakini nikisema, Mama atajua, Mama atamwambia katekista, na katekista atanitoa kwenye mstari wa komunyo huku amevaa ule uso wake uliotulia. Nikatafuta njia nyingine. Nilikuwa nimejifunza kugawanya mwaka ule. Sitini kwa wawili ni thelathini.

Nikaanza Jumatatu. Uji wa asubuhi niliwamwagia kuku nyuma ya nyumba. Chakula cha shule nilimpa Saidi, ambaye hakuuliza swali hata moja. Maji sikunywa. Mate niliyatema, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumuuliza kama yanaruhusiwa. Jua likizama nilikula, lakini baada ya siku kumi tumbo lilikuwa limesahau kazi yake, na vijiko vitatu vilitosha kunichefua. Kwa Koko sikwenda tena. Niliogopa kumkuta amekonda zaidi yangu. Laiti ningechungulia kwenye lile pengo mara moja tu, ningemwona ameketi na kikombe cha chai mkononi saa nne asubuhi.

Nilianguka mbele ya shule, tukiwa tumepanga mstari. Nakumbuka changarawe kwenye shavu na viatu vya watoto wengi.

Kwenye kituo cha afya walisema damu ni kidogo, labda minyoo, wakanipa vidonge. Vidonge nilivificha kwenye pindo la shuka na kuvimeza jua likizama. Sikupata nafuu. Na wanawake wa jumuiya wakaanza kuja kunitazama. Nililala nikiwa nimefumba macho, wakaongea juu yangu.

"Maman Espe, fungua macho. Mutoto anakataa byakula, anakauka hivi. Hii haiko minyoo."

"Ni nini basi?" Mama aliuliza, ingawa sauti yake ilishajua.

"Weye umekulia Bukavu. Jina yake unaijua."

Alilijua, na mimi nililijua. Karuho. Kwetu mtoto hulijua neno hilo kabla ya kujua kusoma: sumu ya taratibu, ambayo mtu anakuwekea kwenye chakula au kinywaji akiwa anacheka nawe, na unakauka kidogo kidogo mpaka unaisha. Nilikuwa nimelala pale najua kabisa kinachonikausha, na bado nilipolisikia neno lile nywele zilinisimama. Nilijiuliza kama inawezekana kuwa na vyote viwili.

Jumamosi Mama na Baba walinivusha daraja. Mganga alikuwa mzee safi, mwenye shati la mikono mirefu, katika nyumba iliyonukia majani mabichi. Alininywesha kitu cha kijani, kichungu kiasi cha kunifunga masikio, na mkewe akanishika kichwa juu ya beseni. Nilitapika mpaka machozi yakaisha. Mganga alikoroga beseni kwa kijiti, akatoa kitu cheusi, akakionyesha kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni hii," akasema.

Mama alianza kulia bila sauti. Baba akauliza ni nani.

"Miye sitajaka muntu," mganga akajibu. Akageuka kwangu, na alikuwa na macho mema, hilo ndilo baya. "Mutoto, mbele ya kugonjwa, ulikula wapi kwenye haiko kwenu?"

Niliulizwa swali la kweli na nikajibu kweli.

"Kwa Koko Mwamini."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote. Uongo wangu wa jioni ile ulikuwa umenitafuna wiki baada ya wiki. Hili halikunitafuna hata kidogo siku ile. Nilihisi afadhali, kwa sababu nilikuwa nimeulizwa na mtu mzima na kwa mara ya kwanza sikudanganya. Nilikuwa na miaka tisa. Lakini nilikuwa mtoto mwenye akili, na nilipoona Baba na Mama wakitazamana nilijua nimefanya kitu. Nikanyamaza.

Mama hakupiga kelele. Mama si mtu wa kelele. Jumapili alichukua sahani ya Koko, ile iliyokuja kwetu na pilau ya Idi na ambayo tulichelewa kuirudisha kwa sababu ya ugonjwa wangu, akaiosha, akaikausha kwa kitambaa, akaniwekea mikononi.

"Mupelekee."

"Haina kitu, Maman."

"Nimeona."

Sikupita kwenye pengo. Nilizunguka kwa barabarani, nikapita langoni. Koko alikuwa anachambua mchele. Aliponiona alisimama haraka kuliko goti lake lilivyotaka. "Mtoto wangu, umekuwa mwembamba hivi?" Akanyoosha mkono kunigusa, kisha akaiona sahani. Aliipokea. Akatazama ndani yake, akaigeuza akatazama chini yake, kana kwamba huenda kitu kimenaswa upande wa pili. Kisha akatazama nyumba yetu, na nikaona anaelewa. Nilirudi nikikimbia.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusema lolote kwa sauti. Wanafunzi walianza kupita upande wa pili wa barabara. Asubuhi harufu ya iliki ilitoka kama kawaida, na saa tatu Koko alirudisha maandazi ndani, beseni likiwa limejaa kama lilivyotoka. Kisha harufu ikawa siku moja moja. Kisha ikaisha. Mtoto wake alikuja na gari dogo wakapakia godoro, masufuria na mkeka. Nilikuwa nyuma ya mlango wetu. Koko alikuja mpaka kwenye ua, hakuvuka.

"Maman Espe. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea," Mama akajibu kutoka ndani.

Wiki ile ile nilimaliza siku zangu thelathini. Nilikula uji asubuhi, nikala shuleni, nikaanza kujaa mashavu. Wanawake wa jumuiya walinishika kidevu wakanigeuza huku na huku. "Mumeona?" wakaambiana. "Ameenda, mutoto amepona." Nilipokea komunyo nikiwa na gauni jeupe lililobana kiunoni. Watu walisema Mungu ni mwema.

Ndiyo maana swali la Rashidi lilinikalisha macho. Usiku wa tatu nilikuwa nimeshaandika kichwani barua mbili na ujumbe mmoja wa sauti, zote za kumwomba Koko msamaha kwa siri. Kisha nikaona jinsi zilivyokuwa zinanifaa mimi. Ningepata usingizi, yeye angebaki na sufuria lake kubwa na watoto waliokatazwa. Alishtakiwa mbele za watu. Kumsafisha chumbani hakumsafishi.

Asubuhi, mkesha wa Idi, nilimkuta Mama akichambua maharagwe barazani. Nikakaa chini mbele yake ili nisipate pa kukimbilia, nikasema yote, kuanzia mabata. Nilipofika kwenye uji na kuku, mikono yake ilisimama.

"Haukuwa umelishwa kitu."

"Hapana, Maman. Nilikuwa nafunga."

Alitazama maharagwe muda mrefu. "Na ile kitu nyeusi? Niliiona na macho yangu."

"Sijui. Sikuwa na kitu tumboni."

"Juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nani? Miye?"

Mama aliokota punje moja mbovu, akaitupa, akaokota nyingine nzima akaitupa pia.

"Wacha vile iko, Espe. Ule mama amezeeka. Unaenda kumufungua kidonda juu ya nini? Na miye, bantu batasema nini juu yangu?"

"Majirani zake wanawakataza watoto kula kwake, Maman. Mpaka leo. Kwa ajili yetu."

Akarudi kwenye maharagwe. Nilidhani ameniacha. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Bamama ba hapa, nitabambia miye. Ni miye nilirudisha ile sahani. Kule Bugarama utaenda weye. Miye sina uso wa kwenda kule. Bado."

Siku ya Idi mabasi yalikuwa yamejaa watu waliovaa vizuri. Kuanzia Kamembe mpaka bondeni nilitafuta sababu ya kushuka, na nilizipata nyingi: huenda amelala, huenda Rashidi hayupo, huenda nitamharibia sikukuu, huenda nimekosea yote na hakuna anayekumbuka. Joto la Bugarama lilinipokea mlangoni mwa basi. Mashamba ya mpunga yalinuka tope. Nilichukua pikipiki, nikamwomba mwenyewe aende polepole, akacheka akasema tayari anakwenda polepole.

Uwanjani palikuwa na wanawake sita au saba kwenye mikeka, wakwe na majirani waliotoka kuswali, wakinywa chai waliyokuja nayo kwenye chupa zao. Koko alikaa kwenye kiti karibu na jiko. Alikuwa amekuwa mdogo sana. Macho yake yalikuwa na utando wa bluu.

"Ni nani?"

"Ni Espe, Koko. Wa Cyangugu."

Alinyoosha mkono, akanishika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole kama anapima kuni.

"Umenenepa," akasema, na akacheka kabisa, cheko la kifuani. "Kumbe kweli ulipona."

Nilikuwa nimepanga nianze vizuri. Yalitoka yote pamoja, nikiwa nimesimama, na wanawake wakashusha vikombe. Nilisema kwamba sikufika dukani siku ile. Kwamba Baba Saidi sikumwona. Kwamba mwezi niliusikia kwa mtu wa Bukavu, na nilimfanya ale siku ya Ramadhani, na nikamwona akilipa siku sitini.

"Sitini gani?" Koko akauliza. "Nililipa moja. Halafu nikafunga sita za Shawali, sunna ya baada ya Idi, kama kila mwaka." Aligeuza uso kunitafuta kwa sauti. "Mwezi haushuhudiwi na mtoto, Espe. Mimi ndiye niliyemtuma mtoto kazi ya watu wazima. Kosa lile lilikuwa langu na nilishalimaliza. Umelibeba la nini?"

Miaka yote nilikuwa nimeiogopa dhambi ambayo haikuwa yangu. Nikavuta pumzi nikasema ile nyingine: kwamba sikuwekewa chochote katika chakula, nilikuwa nafunga kwa siri ili nimsaidie, na mganga aliponiuliza nilikula wapi nilitaja jina lake na kunyamaza.

Mkono wake uliachia wangu. Hakucheka sasa. Nilisikia mafuta yakitokota jikoni.

"Hilo," akasema taratibu, "hilo ni lako."

"Ndiyo, Koko."

"Niliacha nyumba yangu."

"Ndiyo."

Nilidhani ataniambia niondoke, na ningeondoka. Kisha akainua kidevu kuelekea mkeka wa mbali, zilikotoka sauti za watoto, alipokaa jirani mmoja mnene akiwa ameshika chupa yake ya chai na kuwazuia wajukuu wawili mapajani.

"Yule pale hasikii vizuri," Koko akasema. "Sema tena."

Nikageuka kwenye mkeka ule. Nikasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, mpaka watoto waliokuwa barabarani wakaja kusimama langoni.